Sauti nasibu: neno linavyoshikana na maana yake

Aliyesoma Kiswahili shuleni amekutana na fasili hii, na pengine ameikariri: lugha ni mfumo wa sauti nasibu ambazo jamii ya watu imekubaliana zitumike katika mawasiliano. Mfumo tunaujua, jamii tunaijua, mawasiliano tunayajua. Linalowakwaza wengi ni hilo neno nasibu, kwa sababu tulilizoea kwanza kwenye bahati nasibu, ambako tiketi huchomolewa bila mpango wowote. Basi mwanafunzi huelewa kwamba sauti za lugha zimejipanga zenyewe, hovyo hovyo. Sivyo hata kidogo, na kosa hilo huharibu kila kinachojengwa juu yake, ndiyo maana naona inafaa tutulie nalo.

Unasibu unahusu jambo moja tu: uhusiano kati ya sauti za neno na maana ya neno hilo. Chukua neno mti. Tunatamka m, kisha t, kisha i. Katika sauti hizo tatu hamna shina, hamna jani, hamna kivuli. Asiyejua Kiswahili anaweza kulisikiliza neno hilo kutwa nzima asipate hata fununu ya kinachotajwa. Mfaransa husema arbre, Mjerumani husema Baum, Mwarabu husema shajara, na kila mmoja huona neno lake ndilo linaloufaa mti. Hakuna aliyekosea, kwa kuwa mti wenyewe haukudai jina lolote. Maumbile hayakulazimisha sauti hizi zibebe maana hii. Huo ndio unasibu.

Hoja ya wingi wa lugha ni kongwe. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alisema kwamba kama sauti na mawazo zingefungamanishwa na maumbile, wanadamu wote wangekuwa na lugha moja. Wagiriki walikwisha kubishana juu ya jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Katika mazungumzo aliyoyaandika Plato, Hermogenes anashikilia kuwa majina ni makubaliano ya watu, na Cratylus anashikilia kuwa kila kitu kina jina lake la haki kwa asili. Socrates anayapima yote mawili. Anajaribu kuonyesha kwamba r inafaa kutaja mwendo kwa vile ulimi hutikisika tunapoitamka, na l inafaa kutaja ulaini kwa vile ulimi huteleza. Kisha anauliza juu ya sklerotes, neno la Kigiriki la ugumu. Lina l ndani yake! Hata hivyo Wagiriki wanalielewa. Wanalielewaje, kama l ni ya ulaini? Kwa mazoea. Kila ninapofika hapo naona kwamba ubishi wote uliokuja baadaye ulikuwa tayari umo katika neno hilo moja.

Aliyeliweka wazo hili kwenye kiini cha isimu ya kisasa, yaani elimu ya lugha, ni Ferdinand de Saussure, Mswisi aliyefundisha Geneva. Alifariki mwaka 1913 bila kuyaandikia kitabu mafundisho hayo. Charles Bally na Albert Sechehaye ndio waliokusanya madaftari ya wanafunzi wake, wakayapanga na kuyachapisha mwaka 1916. Kwa Saussure ishara ya lugha ina pande mbili zisizotengana, kama karatasi: huwezi kukata upande wa mbele ukauacha mzima wa nyuma. Upande mmoja ni kiashiria, yaani umbo la sauti. Wa pili ni kiashiriwa, yaani dhana. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Kiashiriwa si ule mti uliosimama nje, ni dhana ya mti iliyomo akilini. Na kiashiria nacho si mtikisiko wa hewa, ni sura ya sauti hiyo akilini. Ndiyo maana mtu huweza kujisemea moyoni sentensi nzima bila kufungua mdomo.

Sasa turudi kwenye lile kosa la mwanafunzi. Kusema kwamba kifungo kati ya pande hizo mbili ni cha nasibu hakumaanishi kwamba ni legevu, wala kwamba kila mtu anaweza kujiamulia. Jaribu kuanzia leo kuuita mti bafa na jiwe tolu, uone kama utaelewana na mtu. Makubaliano tunayoyataja hayakufanyika kwenye kikao. Kila mmoja wetu aliyakuta, akayarithi pamoja na lugha yenyewe, na hana uwezo wa kuyavunja peke yake. Mwaka 1939 mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alilikaza zaidi wazo hili. Alisema unasibu upo tunapolinganisha ishara na kitu kilichoko duniani, lakini akilini mwa msemaji sauti na dhana zimeshikana kwa lazima. Moja ikija, nyingine imekwisha fika. Anayeujua mti kwa jina hilo hawezi kulisikia neno kama kelele tupu, hata akijitahidi.

Pale neno linapokuwa bado jipya ndipo makubaliano hayo huonekana yakifanya kazi. Mashine ya kukokotolea na kuandikia ilipoingia katika Kiswahili ilipewa majina zaidi ya moja: kompyuta, tarakilishi, ngamizi. Tarakilishi lina utaalamu ndani yake, kwani waliolibuni walilisuka kutokana na tarakimu na akili. Kompyuta kwa sikio la Mswahili halina maelezo yoyote. Hata hivyo ndilo linalosikika zaidi vinywani, kwa sababu ubora wa sababu si kigezo. Kigezo ni kukubalika.

Unasibu unagusa hata upande wa maana. Tukidhani kwamba dunia ilikuwa imekwisha gawanywa katika vitu, na kazi ya lugha ikawa kubandika majina tu, tutashindwa kueleza neno dogo kama mkono. Sisi tunasema mkono kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza hukikata kiungo hichohicho mara mbili, kikakipa kila kipande jina lake. Mwili ni uleule, mipaka ya maana ndiyo inayotofautiana. Kwa hiyo kila lugha huchora ramani yake ya sauti na ramani yake ya maana, halafu ikaziunganisha kwa namna yake.

Tukishuka chini ya neno tunakuta fonimu, yaani sauti moja moja zinazotenganisha maneno, na hapa uhusiano wa sauti na maana unachukua sura ya ajabu. Paka, taka, saka, waka, zaka: maneno matano, na kinachobadilika ni sauti ya kwanza peke yake. Ukiuliza p ina maana gani, jibu ni kwamba haina. T haina, s haina. Ila ukiiondoa p ukaweka t, mnyama amekwisha toweka. Fonimu haina maana yake yenyewe, na kazi yake ni kutenganisha maana za maneno. Ni kitu kitupu kinacholinda vitu vilivyojaa.

Utupu huo ndio utajiri wa lugha. Tuseme tunazo konsonanti 20 tu na irabu zetu 5. Tukiambatanisha konsonanti moja na irabu moja tunapata silabi 100. Maneno ya silabi mbili yatakuwa 10,000, na ya silabi tatu milioni moja. Kama kila sauti ingekuja na maana yake ya kuzaliwa, tungekuwa na maana 25 na tungeishia hapo, au tungelazimika kubuni sauti mpya kwa kila wazo jipya, na koo la binadamu lina kikomo. Mwanaisimu André Martinet aliuita mpango huu mkato wa ngazi mbili: usemi hukatwa kwanza katika vipande vyenye maana, kisha vipande hivyo hukatwa katika sauti zisizo na maana. Mwenzake wa fani hiyohiyo, Charles Hockett, katika makala yake ya mwaka 1960 juu ya asili ya lugha, aliuhesabu miongoni mwa sifa bainifu za lugha ya binadamu, pamoja na unasibu.

Tofauti ipi ya sauti ihesabiwe na ipi ipuuzwe, hilo nalo kila lugha hujiamulia. Waswahili wa Mombasa huweza kutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo: p ya mnyama hutoka na pumzi, ya nyumba haina. Wasemaji wengi wa Kiswahili cha kwingineko hawaisikii tofauti hiyo kabisa, ingawa hewa inayotoka ni ileile. Mkazo nao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hautenganishi maneno; lakini barabara yenye mkazo wa kawaida ni njia, na mkazo ukisogezwa nyuma silabi moja inakuwa sawasawa. Tena kuna kiimbo. Amekuja, ikishuka mwishoni, ni taarifa. Amekuja, ikipanda, ni swali. Hakuna neno lililoongezwa.

Mpaka hapa nadharia inakwenda vizuri. Kisha anakuja mwanafunzi mmoja mwenye sikio zuri na kuuliza: chubwi je?

Ni swali halali kabisa, na mwalimu asilifukuze. Kitu kikianguka majini tunasema kimeanguka chubwi. Kikianguka kwa kishindo mchangani, pu. Mtu asiyejua Kiswahili akiambiwa achague, sidhani kama atahangaika sana kujua ipi ni ya maji. Haya ndiyo maneno tunayoyaita tanakali za sauti, na lugha za Kibantu zimejaliwa nayo kwa wingi kiasi kwamba Clement Doke, aliyezichunguza lugha hizo Afrika Kusini, aliona mwaka 1935 yanastahili kuwa aina ya maneno ya peke yake. Katika isimu ya Ulaya yalikuwa yakitazamwa kama mapambo ya pembeni. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hapo wataalamu walijinyima mengi.

Jibu jepesi la Saussure lilikuwa kwamba maneno ya namna hii ni machache, na hata hayo ni makubaliano kwa kiasi fulani. Sehemu ya pili ya jibu hilo ina ukweli. Jogoo huwika vilevile kila mahali, lakini kwetu analia kokoriko, kwa Wafaransa cocorico, kwa Wajerumani kikeriki, kwa Wajapani kokekokko. Yanafanana, ndiyo, tena unasikia k zikigongana katika yote. Ila kila jamii imemlazimisha jogoo apite kwenye mlango wa fonimu zake.

Sehemu ya kwanza ndiyo isiyotosha. Ukizitazama tanakali zetu kwa makini utaona kwamba haziishii kwenye kelele. Aliyelowa chepechepe hatoi sauti yoyote. Neno linataja hali ya ngozi na nguo. Anayekwenda chopi anachechemea, na hapo neno linataja mwendo. Kitu ni cheupe pe, kingine ni cheusi ti, na rangi haisikiki. Mtu analala fofofo. Mark Dingemanse, aliyelinganisha tanakali za lugha nyingi, alipendekeza mwaka 2012 kwamba zina ngazi: kwanza zinazoigiza sauti, kisha mwendo, kisha yanayoonekana, kisha yanayohisiwa na milango mingine ya fahamu, na mwisho hali za moyoni na akilini. Lugha yenye ngazi ya juu huwa nazo na zile za chini. Kiswahili kimepanda ngazi hizo, na kadiri neno linavyopanda ndivyo mwigo unavyopungua nguvu na makubaliano yanavyochukua nafasi. Chubwi inaweza kukisiwa. Pe na ti haziwezi; zibadilishane kesho, weupe uwe ti na weusi uwe pe, na hakuna maumbile yatakayolalamika.

Tanakali inayonishangaza kuliko zote ni ile ya kimya. Tunasema kimya jii. Sauti inawezaje kuigiza kutokuwepo kwa sauti? Iseme taratibu: jiii. Haina mgongano, haina kupanda wala kushuka, inajivuta tu mbele kama wakati unavyojivuta mahali pasipo na mtu wa kusema. Haiigizi kinachosikika, inaigiza namna kimya kinavyodumu. Nikilitazama neno hilo siwezi kukubali kwamba unasibu ndio neno la mwisho, wala siwezi kuudharau.

Utafiti wa maabara umeunga mkono sikio la mwanafunzi wetu. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jaribio la michoro miwili, mmoja wa mviringo na mmoja wenye ncha kali, na majina mawili ya kubuni, takete na baluma. Watu wengi huupa takete mchoro wenye ncha. Mwaka 2001 V. S. Ramachandran na Edward Hubbard walilirudisha jaribio hilo kwa majina bouba na kiki, nalo likapata umaarufu. Tangu hapo limejaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali na mwelekeo huonekana mara nyingi, ingawa si kwa kiwango kilekile kila mahali. Sababu inayotajwa sana inahusu mwili: b na m huhusisha midomo laini, o na u huiviringa, hali k na t hukata pumzi ghafla. Mwaka huohuo wa 1929 mwanaisimu Edward Sapir alitumia maneno ya kubuni mil na mal, akakuta kwamba wengi huona mal ni kitu kikubwa zaidi. Hili nalo lina maelezo ya kimaumbile, kwani kitu kidogo hutoa sauti nyembamba na kikubwa hutoa sauti nzito, na i ni nyembamba kuliko a.

Je, mielekeo hiyo imo katika misamiati halisi? Mwaka 2016 Damián Blasi na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha orodha za maneno ya msingi kutoka maelfu ya lugha. Walikuta kwamba neno la pua huelekea kuwa na n, sauti ambayo kweli hupitia puani. Neno la ulimi huelekea kuwa na l. Neno la udogo i. Maneno ya wekundu na mviringo r. Nilipoyasoma nilifanya ambalo Mswahili yeyote angelifanya, nikayapima kwa lugha yangu. Ulimi una l. Mviringo una r. Pua haina n. Nyekundu haina r. Shina -dogo halina i hata moja, limejaa o. Mawili kati ya matano. Na kiambishi ki- kinachodunisha, kama katika kijito, kina i kweli, lakini ji- ya jito, ambayo hukuza, ina i ileile! Hilo haliuangushi utafiti, kwa sababu ulizungumzia mwelekeo unaojitokeza lugha zikiwa nyingi. Linatuonyesha tu udogo wa nguvu hiyo. Ni upepo unaosukuma kidogo kidogo, na mashua bado inaongozwa na nahodha, ambaye ni mazoea.

Mama na baba hutajwa sana katika mjadala huu, nami nitayagusa kwa kifupi. Kufanana kwa maneno hayo katika lugha zisizo na undugu kulielezwa na mwanaisimu Roman Jakobson: m, p na b pamoja na a ni miongoni mwa sauti za mwanzo mtoto anazozimudu, na wazazi huzichukua kama wanaitwa. Maana wanaipanga wakubwa. Katika Kijojia, mama ni baba.

Kuna nguvu nyingine inayozidi kutenganisha sauti na maana, nayo ni wakati. Sauti hubadilika bila kuuliza maneno yanamaanisha nini. Kichewa kinasema njira, Kikuyu kinasema njĩra, sisi tunasema njia. Konsonanti ile ilidondoka kwetu kwa sababu ilikaa kati ya irabu mbili. Haikujali kama neno lilikuwa la barabara, la mnyama au la huzuni.

Limebaki jambo ambalo Saussure mwenyewe alilisisitiza na ambalo mara nyingi huachwa nje ya somo: si kila neno ni la nasibu kwa kiwango kilekile. Alitoa mfano wa namba za Kifaransa. Ishirini, vingt, haina maelezo. Kumi na tisa, dix-neuf, inajieleza kutokana na kumi na tisa zake. Aliita hali hiyo unasibu wenye mpaka. Sehemu zenyewe ni za nasibu, lakini ukishazijua, kuunganika kwake kuna sababu. Kiswahili kimejaa mfano wa jambo hili. Anayejua funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, akikutana na tega atakisia tegua kabla hajafundishwa. Anayejua pika atamfahamu mpishi.

Na namba zetu zinauonyesha mpaka huo wazi kuliko zile za Saussure. Makumi yetu yote kuanzia ishirini yalitoka Kiarabu, ambako kila moja, ukiacha ishirini, lilifanana na namba yake ndogo. Namba ndogo hatukuzichukua zote. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu. Kwa hiyo mtoto anayejifunza kuhesabu husikia sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini, tisa ndani ya tisini, na sababu iko wazi masikioni mwake. Akifika kwenye hamsini hasikii tano. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, themanini haina nane. Wazee waliohesabu kwa kenda badala ya tisa, kwao hata tisini ilikuwa haina mwenzake. Sauti ya tisini haikubadilika. Jirani yake ndiye aliyebadilika, ikapata sababu.